Shajara ya mradi: bushi za plastiki kwa mashine za maembe zinazooshwa kwa maji ya moto, Malindi

Novemba, msimu haujachanganya

Mteja wetu safari hii ni kikundi cha hapa Malindi kinachonunua maembe ya Magarini na Marafa, ngowe na boribo kwa wingi, na kuyafanya rojo. Mstari wao wa kazi si mrefu. Maembe hupita kwenye birika la maji ya moto juu ya rola, hukamuliwa, rojo huingia kwenye tangi lenye kikorogeo, kisha madumu yaliyojazwa hubebwa na mkanda hadi stoo. Kazi niliyopewa ni beringi, yaani vishikio vya gololi ambamo shafti (mhimili wa mashine) huzunguka, basi.

Nimefungua kadhaa zilizokufa nione zimekufaje. Hakuna iliyochoshwa na mzigo. Njia za gololi bado zina umbo lake, ila ndani mmejaa tope la kahawia la kutu na maji, na grisi iliyobaki imegeuka nyeupe kwa kuchanganyika na maji.

Ukitaka kujua sababu, njoo jioni. Mchana mashine hizi, ukiacha birika, hazipati joto lolote la maana. Jioni ndiyo huoshwa: maji ya kawaida kwanza, kisha kostiki (magadi makali ya kuoshea) ya asilimia moja na nusu kwenye nyuzi 75, kusuuza, halafu maji ya nyuzi 85 hadi 90 ya kuua vijidudu. Mwisho kijana wa zamu hupiga maji baridi ya hozi ili chuma kipoe afunge vifuniko aende zake. Hayo maji baridi ya mwisho ndiyo mabaya kuliko yote. Beringi ikishapashwa moto, hewa iliyomo hutanuka na sehemu yake hutoka nje. Ikipoozwa ghafla, hewa iliyobaki hunywea na kuvuta kilicho karibu, na kilicho karibu ni maji. Midomo ya sili, zile pete zinazofunga beringi pembeni, imeundwa kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Kunyonya namna hiyo haikuwezi. Na maji ya kisima chao yana chumvichumvi, kama visima vingi vya karibu na pwani, kwa hiyo hata beringi za stenlesi tulizojaribu kwenye birika zimetoboka vidoa vidoa.

Nimeshawaambia hozi ya baridi isubiri. Lakini mwenyekiti wa kikundi alikuwa na dawa yake tayari.

"Mwanangu, hizi beringi zinatumaliza. Tia za plastiki tupumzike."

"Plastiki ipi, mama?"

"Si ile nyeupe."

Novemba, bado

Ile nyeupe. Alichotaka ni bushi: bomba fupi la plastiki ambamo shafti huzunguka kwa kuteleza, bila gololi. Tatizo ni kwamba kwenye rafu yetu kuna fimbo nyeupe za aina nne hivi, zote zimeandikwa "nailoni" kwa kalamu, na wauzaji wengi hawatofautishi. Kabla ya kukereza chochote nilikata kipande kutoka kila fimbo nikavitia kwenye ndoo ya maji. Kilichoelea ni polithini nzito, maana uzito wake kwa sentimita ya ujazo ni gramu 0.93 au hapo karibu. Vingine vilizama, na hapo inabidi kupima. Nailoni ni kama 1.14, asetali (plastiki ngumu inayofanana na nailoni kwa macho) 1.41, Teflon 2.2, kwa hiyo vipande vya ukubwa mmoja ukivishika mkononi tu unahisi tofauti kati ya cha kwanza na cha mwisho.

Kwa uhakika zaidi nilichoma vipande vyembamba vya kila kimoja, nje, upepo ukiwa mgongoni. Nailoni hunuka nywele zilizoungua. Polithini hunuka mshumaa uliozimwa. Asetali huwaka kwa mwali wa buluu ambao juani huuoni kabisa, na moshi wake huchoma pua na macho kwa sababu ni formaldehaidi, usiinamie. Teflon haishiki moto, na ukiilazimisha hutoa gesi mbaya zaidi, hivyo hiyo niliiacha kwa uzito wake.

Fimbo mbili kati ya zile "nailoni" zilikuwa asetali. Faida kwetu, ingawa aliyeuza hakujua.

Desemba, wiki ya kwanza

Hapa ndipo nimekaa sana, na naona panafaa kuelezwa.

Katalogi zote huanza na joto: plastiki hii yastahimili nyuzi kadhaa, ile kadhaa. Ukisoma kwa haraka unachukua iliyo juu ya 90 unaondoka. Lakini namba ile mara nyingi ni ya hewa kavu. Mashine yetu haikai kwenye hewa kavu. Inakaa kwenye maji moto, magadi makali, na siku nyingine klorini, na kila kimojawapo kina plastiki yake kinachoila.

Nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220, na kwa kigezo cha joto peke yake ingepita. Ila hunywa maji. Ikizamishwa hadi ishibe hufika takriban asilimia 9 ya uzito wake, na huvimba. Juu ya hapo, maji ya moto hukata minyororo ya molekuli zake polepole mpaka inakuwa ngumu ya kuvunjika. Poliesta ya PET, ambayo hainywi maji sana na husuguana vizuri, ina ugonjwa huohuo wa kukatwa na maji moto, na kostiki huuharakisha. PVDF, plastiki yenye florini, nilikuwa naipenda kwa sababu asidi na klorini haziisumbui, na huvumilia hadi nyuzi 150, lakini kostiki moto huibadilisha rangi na kuipasua. Hata poliimidi, plastiki ya bei ya vito inayofanya kazi kwenye nyuzi 300 penye ukavu, haipendi mvuke wala magadi. Mtu angeinunua akijiona amemaliza kazi.

Asetali hainywi maji ya kutajika. Ina aina mbili, na tofauti yake ndiyo iliyonifanya nimpigie simu tena msambazaji wa Mombasa. Homopolima, ambayo mnyororo wake wa molekuli ni wa kiungo kimoja tu, ni ngumu kidogo zaidi, lakini magadi makali huishambulia. Kopolima, iliyochanganyiwa kiungo cha pili, huvumilia magadi na maji moto vizuri zaidi. Kwa macho hazitofautiani, kwa hiyo hapa karatasi ya mtengenezaji lazima iwepo. Zote mbili huchukia asidi kali, na zote mbili huchukia klorini. Hili la klorini lina historia: Marekani, kuanzia miaka ya 1980, viungo vya asetali kwenye mabomba ya maji ya majumbani vilipasuka kwa wingi kwa klorini ya maji ya mfereji, ambayo ni kidogo sana ukilinganisha na ile tunayoimwaga sisi. Kesi ikaisha mwaka 1995 kwa mapatano ya mamia ya mamilioni ya dola.

Polithini nzito haijali kostiki wala chumvi wala maji. Shida yake ni kwamba juu ya nyuzi 80 inaanza kulegea, na hutanuka kupita zote.

Halafu kuna PEEK, plastiki ya daraja la juu. Ilitengenezwa kwanza Uingereza na kampuni ya kemikali ya ICI mwaka 1978; huyeyuka kwenye nyuzi 343, maji moto na mvuke haviikati, kostiki haiioni. Bei yake ni zaidi ya mara kumi ya asetali. Mwenyekiti alipoisikia alicheka, akaniuliza kama ni ya kula.

Desemba, jiko la karakana

Sikutaka kubaki na maneno ya katalogi peke yake. Nilikata visahani vya milimita 3 kutoka kila fimbo, vyembamba makusudi ili maji yafike ndani haraka, nikavipima kwa maikromita, na uzito nikaupima kwa mizani ya sonara mmoja wa mjini ambaye alinivumilia kwa ucheshi. "Fundi, dhahabu hii ya kwako inaelea." Kisha vikatiwa sufuriani juu ya jiko la gesi, maji yakichemka pole, mchana kutwa kwa siku kadhaa.

Kisahani cha nailoni kilirudi kimeongezeka uzito karibu na kile katalogi inachosema, na kipenyo kimekua kwa kitu cha asilimia 2. Cha asetali kilikua kwa kiasi ambacho maikromita yangu inakiona kwa taabu. Polithini haikunywa kitu, ila ilipokuwa bado moto ungeweza kuikunja kwa vidole. Ikipoa inarudi ngumu, na mtu asiyeishika ikiwa moto hatalijua hilo.

Asilimia 2 yaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye bushi. Bushi iliyobanwa ndani ya kasha la chuma haiwezi kukua kwenda nje. Uvimbe wote wa ukuta wake unakwenda ndani, kwenye tundu la shafti. Kwa bushi yenye ukuta wa milimita 5, uvimbe wa maji wa nailoni pekee unaziba zaidi ya robo milimita kwenye kipenyo. Hakuna anayeacha mwanya wa namna hiyo. Ndiyo maana kikorogeo, ambacho kilikuja na bushi za nailoni kutoka kwa mwenye nacho wa kwanza, kilikuwa kinagoma asubuhi: jioni kimeoshwa kwa maji moto, usiku bushi imebana shafti, alfajiri mota inanguruma haizunguki. Watu walikuwa wakilaumu umeme.

Desemba, kupima joto lenyewe

Maneno "maji ya nyuzi 90" ni joto la maji ndani ya tangi la kuchemshia. Bushi hupata ngapi? Nilielekeza kipimajoto cha miale kwenye kasha la stenlesi, kikasoma nyuzi 40 na kitu, kwenye chuma ambacho sikuweza kukiwekea kidole. Stenlesi inayong'aa hutoa miale kidogo na kuakisi ya jirani zake, hivyo kifaa kinadanganyika. Bandika utepe mweusi wa umeme, subiri utepe upate joto la chuma, pima juu ya utepe. Hapo ikasoma 86.

La muhimu zaidi ni saa. Kasha nene hupata joto likiwa limechelewa na hulishika muda mrefu baada ya maji kufungwa. Maana yake bushi inakuwa moto kuliko wakati wowote ikiwa imesimama, shafti haizunguki, mzigo umelala mahali pamoja. Plastiki laini hapo huminyika. Nimewaomba waache kikorogeo kizunguke polepole wakati wa kuosha na dakika chache baadaye. Hilo halikugharimu kitu, na maji yenyewe ni kilainishi kizuri kwa plastiki nyingi. Mafundi wa mashua wanaotumia bushi za mpira zinazolainishwa na bahari wanalijua.

Upande wa mvuke: boila lao dogo liko kwenye bari 2 za geji (shinikizo juu ya lile la hewa), na ndani ya bomba hizo ni nyuzi 133 hivi. Ukishatoka mdomoni mwa hozi unapoa upesi, lakini mdomo ukisogezwa hadi kwenye kasha, kama vijana wapendavyo, asetali iko matatani. Tumekubaliana mvuke ni wa mabomba na matangi tu.

Desemba, maamuzi

Sikupata plastiki moja ya mashine nzima, na sasa naamini kuitafuta ni kupoteza pesa.

Shafti ya mashine ya kukamua haitapata plastiki kabisa. Ina milimita 40 na huzunguka mara 900 kwa dakika, yaani uso wake unakwenda karibu mita 2 kwa sekunde. Bushi ya plastiki bila kilainishi hapo ingejipika yenyewe kwa msuguano kabla maji moto hayajafika. Tunabakisha beringi za chuma, lakini tunazisogeza nje, mbali na ukuta wa mashine, na katikati tunafunga kisahani kinachozunguka na shafti kurusha maji pembeni. Maji ya hozi yanaona kisahani kwanza.

Kikorogeo: asetali kopolima. Shafti milimita 30, mizunguko 40 kwa dakika, mzigo hautishi. Nikizidisha shinikizo kwa mwendo napata kama 0.02 kwa kipimo cha megapaskali na mita kwa sekunde, wakati asetali kavu huvumilia karibu 0.1. Joto la nyuzi 86 ni la muda mfupi kila jioni, siyo la kuishi.

Rola za birika: PEEK. Hizi zimezama kwenye maji ya nyuzi 85 na zaidi kutwa nzima. Nilijaribu kwa kalamu kuikwepa gharama na sikuweza.

Mkanda wa madumu: polithini nzito. Pale hawahitaji maji ya moto, vuguvugu inatosha, kwa hiyo tumeandika ukutani kwamba isizidi 60.

Kuna aliyeleta dukani beringi kamili za plastiki zenye gololi za kioo. Ni nyepesi, hazihitaji grisi, zafaa kwa mzigo mdogo na mwendo mdogo. Kwenye rojo la kuliwa, kioo sikitaki.

Desemba, kwenye leithi

Fundi wa leithi (mashine ya kukerezea) tunayemtumia ni mzee wa kazi, na mambo mawili aliyasema kabla sijayasema. Kwanza, usipime plastiki ikiwa moto kutoka kwenye kisu. Iache usiku, pima asubuhi. Pili, usiitegemee ibaki kwenye kasha kwa kubanwa pekee. Plastiki iliyobanwa ikipashwa moto na kupoa mara nyingi hujilegeza, mwisho bushi inazunguka pamoja na shafti ndani ya kasha. Tumeipa kila bushi ukingo na skrubu ndogo ya kuizuia.

Mwanya ndio uliokula karatasi. Stenlesi hutanuka kama sehemu 17 kwa milioni kwa kila nyuzi, asetali kama 105. Kutoka nyuzi 27 za asubuhi hadi 90, bushi ya asetali ya ukuta wa milimita 5 hufunga tundu kwa takriban milimita 0.08. Tumeacha 0.18. Anayetoka kwenye bushi za shaba akiiona hiyo anadhani imekerezwa vibaya, inacheza. Iache icheze.

PEEK hutanuka nusu ya asetali, na kwa kuwa bei yake ni ya kilo tumeifanya ukuta wa milimita 2.5. Hapo tundu hufunga chini ya milimita 0.02. Kwa hiyo ukuta mwembamba umetupa mwanya mdogo na umepunguza malighafi kwa pigo moja. Mwenyekiti alipoona vipande vyenyewe vilivyo vidogo alilipa bila kucheka.

Polithini tumeikata mkato wa mshazari ubavuni, toka ukingo hadi ukingo. Ikitanuka inafunga mkato badala ya kufunga tundu.

Shafti za zamani zilikuwa na vishimo vya kutu pale beringi zilipokaa. Tumezikereza na kuzisugua kwa msasa laini. Kuweka bushi mpya juu ya shafti yenye vishimo ni kuweka tupa.

Januari, msimu umechanganya

Kikorogeo hakigomi tena asubuhi. Rola za birika zinazunguka kwa kidole hata maji yakiwa moto.

Limezuka la ukoko. Maji ya kisima yakichemshwa huacha chokaa kwenye kila kitu, na chokaa hiyo huingia kati ya bushi na shafti ikasaga. Dawa yao ya ukoko ilikuwa asidi ya naitriki. PEEK haitajali asidi iliyozimuliwa namna ile, lakini asetali ya kikorogeo itaharibika, tena bila kelele: uso unakuwa chaki, kisha unapukutika ndani ya rojo. Tumebadili kwenda asidi ya limau, vuguvugu, muda mfupi, na kusuuza mara moja. Inachukua muda zaidi kuliko naitriki na vijana wananung'unika.

Klorini bado ni mvutano. Mkaguzi anataka kuona imetumika, nami sitaki iguse asetali ikiwa moto. Tulichoafikiana ni klorini kwenye meza, sakafu na kreti, baridi. Tangi la kikorogeo litegemee maji ya nyuzi 85 yanayoshikiliwa muda kamili, na kijana wa zamu aandike joto na saa daftarini. Mkaguzi ameangalia daftari akaridhika, kwa sharti kwamba lisikosekane hata siku moja.

Februari

Nimefungua kikorogeo. Bushi ya chini imechakaa upande mmoja, kama milimita 0.06, ya juu haina kitu. Shafti imeinama kidogo, si kosa la plastiki. Nitanyoosha shafti kabla ya kubadili bushi.

Kwenye rola za birika sikupata uchakavu wa kupimika. Upande wa mkanda, bushi moja ya polithini imekuwa umbo la yai. Nilipouliza nikaambiwa kuna jioni hozi ya moto ilipita pale kwa sababu ya baridi ya asubuhi iliyokuwa imegandisha rojo lililomwagika. Baridi, Malindi, Februari! Nimebadilisha bushi, na hozi ya pale nimeikata kutoka kwenye bomba la moto.

Agizo linalofuata, kabla ya msimu kuisha: asetali kopolima ya buluu badala ya nyeupe. Kipande cheupe kikimeguka ndani ya rojo hukipati. Buluu huonekana mara moja kwenye chujio, na hakuna embe la buluu. Msambazaji anasema anayo ya milimita 50 tu, kwa hiyo tutapoteza kidogo kwenye leithi. Pia nimeomba karatasi ya kuonyesha inafaa kugusana na chakula, na kwamba ni kopolima kweli. Pesa zitatoka karatasi ikishafika.